Mwezi wa Debe Moja

"Mama mdogo, na asipowarudisha?"

Nilimwuliza swali hilo siku aliyoshuka kutoka Maguu peke yake, bila Lidia, bila Cleopa, bila Tobias. Nilikuwa darasa la tano. Alikuwa ameketi kizingitini anakung'uta vumbi la lori kwenye viatu, wala hakuniangalia.

"Kamata huo ungo," akasema. "Kunguru wanamaliza usipa wangu, wewe umesimama unauliza maswali kama karani wa sensa."

Nikakamata ungo. Jibu sikupata siku ile, wala mwaka ule.

Mama mdogo Dorothy ni mdogo wake mama yangu. Anauza usipa, yaani dagaa wa ziwa letu. Anawanunua mitumbwini hapa Mbamba Bay, anawaanika, anawapakia kwenye viroba na kuwapandisha milimani kwa lori, maana kule juu wanavuna kahawa, mahindi na maharage, lakini samaki hawavuni. Ana mwili mdogo na sauti kubwa. Kanisani anaimba sauti ya nne pamoja na wanaume, na mwalimu wa kwaya ameshakata tamaa.

Mume alimpata gulioni, huko huko Maguu. Othmar alikuja kununua fungu moja la usipa, akasimama mezani kwake asubuhi nzima akibishana juu ya nyongeza. Mama mdogo anasema alipaswa kujua pale pale kwamba mwanamume wa namna hiyo atakuja kubishana juu ya kila kitu. "Lakini alikuwa na meno mazuri," anasema.

Basi akahamia mlimani. Kwa Wamatengo, kabila la Othmar, mwanamume anafyeka nyasi na kuzilaza chini kwa miraba, halafu mwanamke anachimba udongo katikati na kuzifukia, hadi shamba zima linakuwa mashimo mashimo. Wanayaita ngolo. Ukisimama ng'ambo unaona mlima kama sega la nyuki, na mvua inyeshe inavyotaka, udongo hauondoki. Mama mdogo, mtu wa mchanga na mitumbwi, alichimba misimu saba, na misimu yote saba mashimo yake yalitoka ya duara, hayana kona. Mama mkwe alikuwa akileta wageni kuyaangalia.

Walipoachana (sababu ni nyingi, na nyingine hawanielezi kwa ajili ya umri wangu) alishuka na watoto watatu. Othmar akaoa Benadetha, Mmatengo mwenzake, ambaye mashimo yake yana kona.

Kuhusu matunzo ya watoto Othmar alikuwa na jibu moja tu: "Ngoja malipo ya pili." Wakati ule kahawa yote ilikwenda chama cha ushirika. Chama kinakupa kidogo mwanzoni, halafu unangoja malipo ya pili, na ya tatu kama Mungu akipenda. Malipo ya pili ya Othmar yalichelewa kuliko ya mtu mwingine yeyote pale Maguu. Lidia aliingia darasa la kwanza, akafika la tano, malipo ya pili bado yako njiani.

Mama mdogo alinyamaza, na kunyamaza si kawaida yake. Alikuwa anaogopa. Othmar alikuwa amemaliza kulipa mahari yote, na kule juu mahari ikishamalizwa watoto ni wa kwa baba yao, hilo hata mtoto mdogo atakuambia. Akimdai sana, Othmar angeweza kusema neno moja tu: basi nipe wanangu. Kwa hiyo aliuza usipa, akawalisha mwenyewe, akafunga mdomo.

Ndipo biashara ya kahawa ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaanza kupanda na magari yao mpaka mlangoni kwa mkulima, wanapima kahawa, wanahesabu noti, wanaondoka. Siku moja mama mdogo yuko gulioni na viroba vyake, akamwona Othmar anapita na baiskeli mpya. Nyuma amefunga redio ya kaseti, na redio inaimba.

"Shikamoo, malipo ya pili," mama mdogo akamwamkia.

Watu wa gulio walicheka mpaka Othmar akazima redio. Wiki iliyofuata mama mdogo alikuwa amemshitaki, na wote wawili walikuwa Mbinga mjini, mbele ya Bwana Ustawi, afisa wa ustawi wa jamii, mzee mmoja anaitwa Protasi, mpole, mwenye kikohozi.

"Baba Lidia," akaanza mzee, "utatoa nini kila mwezi?"

"Debe moja la mahindi," akasema Othmar. "Na kisado cha maharage."

"Kwa watoto watatu?"

"Mzee, hao ni watoto. Tumbo la Tobias lenyewe kama ngumi."

"Na sabuni? Na madaftari?"

"Debe ni kubwa, mzee. Akilibana vizuri atauza kidogo, atanunua sabuni. Tatizo la huyu mama hajui kubana."

Mzee Protasi akamgeukia mama mdogo, akisubiri moto. Mama mdogo akakunja mikono mapajani kama mtu aliye kwenye kipaimara.

"Nimekubali," akasema.

Othmar akakohoa, yeye ambaye hana kikohozi.

"Ila nina ombi," akaendelea mama mdogo. "Debe hilo usinipe mimi. Kaa nalo. Wiki ijayo shule zinafungwa. Nitakuletea wanao, uwalishe kwa debe hilo na kisado hicho mpaka likizo iishe. Sabuni humo humo. Ukibakiza hata punje moja, ni yako, na mimi sitakudai tena mpaka Tobias aote ndevu."

"Mama Lidia, una hakika?" akauliza mzee.

"Mwenye hakika ni yeye, mzee. Mimi nimekubali tu."

Othmar alitoka ofisini anacheka, akamnunulia hadi soda. Nyumbani kwetu hakuna aliyecheka. Mama yangu aligonga mwiko kwenye sufuria mpaka ukavunjika.

"Wenzako wanaficha watoto, wewe unawapandisha lori mwenyewe? Dorothy, yule akisema hawarudi, utampeleka wapi?"

"Nitaona huko huko, dada."

Akawapeleka. Yaliyotokea Maguu nilisimuliwa na Lidia, ambaye ni rika langu na hana tabia ya kupunguza jambo. Nikawauliza na wengine, na wengine wakaongeza.

Jioni ya kwanza Benadetha alipika ugali na maharage, akayaunga vizuri na kitunguu. Watoto wakala, wakashukuru, wakanawa, wakarudi kukaa kwenye mkeka. Adabu tupu. Othmar akawaangalia, nao wakamwangalia.

"Baba," akasema Tobias, "tunakula saa ngapi?"

"Si mmetoka kula sasa hivi?"

Cleopa akaona amsaidie mdogo wake. "Yale yalikuwa maharage, baba."

Hakuna aliyewafundisha kusema hivyo. Mtoto wa huku ziwani ukimpa maharage anaelewa kwamba samaki yuko jikoni bado anaiva. Benadetha alitoka nje, wakamsikia anacheka karibu na zizi la mbuzi. Tobias aliendelea kungoja mpaka usingizi ukamchukua hapo hapo mkekani, na kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa.

Halafu kuna baridi. Mwezi wa sita Maguu ukipumua unatoa moshi, na watoto wale walikwenda na nguo za ziwani, vifulana na kaptula. Mtu mwenye baridi anakula kama anachochea tanuri. Othmar alilazimika kwenda kwenye mitumba kutafuta masweta. La Tobias lilimfika kwenye vifundo vya miguu. Na mahindi hayaliwi mazima, yanapelekwa mashine, na mwenye mashine hasagi kwa kutazamwa usoni. Hilo Othmar hakuwahi kulijua, kwa sababu maisha yake yote unga ulikuwa unatokea tu.

Likizo haijafika katikati, debe likaisha. Othmar akachukua ungo, akaelekea kwenye ghala la mkewe. Benadetha akasimama mlangoni.

"Hayo nimeyachimbia mashimo mwenyewe, baba Lidia. Ya kwako yako wapi?"

"Ni mahindi ya nyumba hii."

"Ya nyumba hii, ndiyo. Debe la watoto ulilipima mwenyewe mbele ya serikali ukasema ni kubwa. Libane."

Othmar akaenda kununua mahindi, mkulima mzima, msimu wa mavuno. Majirani walimsaidia kubeba ili wapate nafasi ya kuuliza ni ya nini.

Kwa vile Tobias bado anangoja chakula kila jioni, Othmar akaanza kununua na usipa gulioni, kwa mama mmoja anaitwa Ephrasia. Alinunua, akaomba nyongeza, akanyimwa. Gulio lililofuata vile vile. Mara ya tatu ndipo akauliza.

"Kwani huu mzigo wa nani, hata huwezi kuongeza?"

"Wa mama Lidia," akasema Ephrasia. "Mimi nauza kwa niaba yake. Kanikataza nyongeza, kasema hasa kwako."

Lidia anasema baba yake alishika kile kifurushi kama ameshika nyoka. Akajaribu meza nyingine, na mzigo wa pale nao ulikuwa wa mama Lidia.

Hapo ndipo mama mdogo angekuwa ameshinda, lau si Lidia mwenyewe. Ulikuwa msimu wa kuchuma, na Lidia kumbe ana mkono wa kahawa. Anachagua nyekundu tupu, havunji tawi, kikapu kinajaa kabla ya cha watu wazima. Othmar akaanza kumtembeza kwa majirani. "Huyu ni wangu kabisa," anawaambia. Jioni moja akatamka mezani, bila kumwangalia mtu:

"Lidia atabaki. Hao wadogo warudi kwa mama yao."

Lidia alipofika hapo katika kunisimulia, aliinama akaanza kuchora chini na kidole. Hakuna aliyeweza kumpinga Othmar pale Maguu. Mahari ilikuwa imekwisha.

Benadetha aliendelea kupakua. "Akibaki mmoja wanabaki watatu," akasema. "Tobias halali bila dada yake, umeona mwenyewe. Na wakibaki watatu, mimi nitakwenda kwetu Matiri kupumzika kidogo. Mashine unaijua sasa. Masweta unayajua. Samaki unajua ni wa nani."

Othmar akamtazama Tobias, ambaye alikuwa anafuta sahani kwa kidole, mzunguko baada ya mzunguko. Habari ya Lidia kubaki akaiacha hapo. Lakini siku ya kuondoka alimbeba Tobias mgongoni mpaka kwenye lori, njia nzima, kwa sababu alishagundua mwezi ule kwamba mtoto huyo anaogopa mbwa, na hakumteremsha mpaka dereva alipopiga honi mara ya pili.

Wakakutana tena Mbinga.

"Haya, baba Lidia," akasema mzee Protasi. "Umebakiza punje ngapi?"

Othmar akavua kofia. "Mzee, lile debe ni dogo."

"Ulisema kubwa."

"Linaonekana kubwa likiwa limejaa."

Mzee akakohoa kwa muda mrefu, na mama mdogo anaapa kwamba kile hakikuwa kikohozi. Halafu Othmar akataja mwenyewe, bila kubishana na mtu: gunia zima la mahindi kila miezi mitatu, na maharage yake, vishuke kwa lori. Sare na madaftari msimu wa kahawa, siku ile ile mnunuzi anapolipa. Kitoweo na malazi viwe vya mama. Sabuni nusu kwa nusu.

"Haki kabisa," akasema mzee, akachukua kalamu.

"Ngoja, mzee," akasema mama mdogo. "Kabla ya mahindi andika kwanza kwamba watoto wanakaa kwa mama yao. Yeye aseme, wewe uandike. Gunia liandikwe chini yake."

Othmar akasema. Mama mdogo akamwomba arudie, kwamba hakusikia vizuri. Akarudia.

Tangu hapo gunia linakuja. Mwaka mmoja bei ya kahawa ilianguka, likaja nusu gunia na salamu za aibu. Mama mdogo hakupanda kwenda kudai. Alituma kiroba cha usipa kwa Benadetha, chenye nyongeza. Likizo za katikati ya mwaka watoto wanapanda Maguu na masweta yao, na Othmar anasema Lidia bado ana mkono.

Mimi sasa niko kidato cha tatu. Juzi, likizo, nilikuwa na mama mdogo ufukweni tunageuza usipa kwenye chanja, nikaona nimrudie na swali langu la zamani, maana sasa hata kama ni la kitoto hawezi kuniambia nikamate ungo.

"Asingewarudisha?" akasema, na kwa mara ya kwanza akapunguza sauti. "Wiki nne zile sikulala, mwanangu. Dada yangu hajui. Siku ile niliyowapeleka, kabla ya kupanda lori la kushuka, nilipita kwa jirani yake Othmar, nikalipia chumba. Dirisha linatazamana na mlango wake. Asingewarudisha, ningehamia na viroba vyangu vyote, naanika usipa uani kila siku, upepo wa pale unavuma kuelekea kwake. Tungeona nani atahama kwanza. Mimi harufu hii nimezaliwa nayo."