Nyumba ya Kukaa Mwenyewe

Nilipokuwa naishi Frogtown, mtaa wa nyumba za kupanga mjini, ukuta wa jikoni kwangu ulikuwa ukigongwa kwa mwiko. Upande wa pili aliishi jirani yangu, mama Mkongomani aliyefika kama mkimbizi na mumewe na watoto wao, wote wamejibana katika vyumba viwili. Mwiko ukigonga, maana yake bugali, ugali wa kwao, umeiva, njoo. Mimi nilitoka Kenya peke yangu, kazi yangu kuwahudumia wazee katika makao yao, na bila ule mwiko ningekuwa nakula mkate nimesimama.

Basi mwenye jengo akaanza kunung'unikia wingi wa watoto, na shemeji wa jirani yangu akawa anawaita Iowa, jimbo la jirani, kwenye kiwanda cha nyama. Nikaingiwa na hofu. Nikaamua kununua nyumba niwapangishie wao, ili wasiondoke.

Kanisani kwetu kulikuwa na Mkenya aliyeshughulikia mikopo ya nyumba. Akapiga hesabu zake, akatikisa kichwa.

"Dada, ya ku-rent out hauta-qualify. Bado unalipa rent ya apartment yako, na ile watakulipa bank hai-count yote. Income haitoshi. Lakini ukinunua ya kukaa mwenyewe, hiyo rent yako inaisha, uko sawa kabisa. Kaa mwaka, halafu uwapatie. Lakini lazima ukae. Usiniletee mambo ya kuhama uachie tenants kabla ya hapo."

Nilikasirika. Mshahara ule ule, nyumba ile ile: nikikaa mwenyewe unatosha, nikiwaweka wenye watoto hautoshi! Lakini nilitia sahihi kwamba nitakaa mwenyewe, na aliyewahi kusubiri makaratasi ya uhamiaji hachezi na sahihi yake. Nikajiambia mwaka si kitu.

Nyumba ilikuwa Apple Valley, kitongoji cha nje ya mji, vyumba vinne vya kulala. Nilitumia kimoja, vingine nikavifunga ili nisipashe joto hewa tupu. Majirani walinipungia mkono wakiwa ndani ya magari, kisha mlango wa gereji ukashuka nyuma yao. Nilikuwa mpweke, sioni haja ya kulizungusha hilo. Jumapili moja nilisonga ugali, na kabla sijajua ninafanya nini nikaugonga ukuta kwa mwiko. Upande wa pili palikuwa na gari langu na koleo la theluji.

Majira ya baridi jirani yangu alikuja kunitembelea na watoto. Walipanda ngazi wakikimbia, wakafungua milango yote niliyokuwa nimeifunga. Mdogo wao, ambaye Kiswahili hukisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, alishuka kutangaza kwamba chumba chenye dirisha la barabarani ni chake.

Mama yake akacheka, kisha akanitazama. "Bon, haya, dada. Weye uko peke yako mu nyumba hii yote. Sisi tukuye tukae na weye?"

Nilitaka kusema ndiyo papo hapo. Halafu nikaikumbuka sahihi yangu. Nikamwambia haiwezekani kwa sasa, asubiri kidogo. Sikumweleza sababu. Mambo ya benki niliyaona marefu, tena chai ilikuwa inapoa.

"Bon," akasema, akawaita watoto wavae makoti.

Theluji haijayeyuka, wakahamia Iowa.

Mwaka ulipotimia nilimngoja yule Mkenya baada ya ibada, nikamwuliza kama sasa naruhusiwa kuweka watu.

"Kwani unahama?"

"Sihami. Nataka mtu wa kukaa na mimi."

"Si ungewaweka tu hata mwezi wa kwanza?" Alicheka hadi akashika mgongo wa kiti. "Bank ilitaka wewe ukae hapo. Nani alikuambia ukae peke yako?"

Nilimpigia jirani yangu nikiwa bado kwenye maegesho ya kanisa. Nikamweleza yote: mshahara, benki, mwaka, na jinsi nilivyoelewa vibaya.

"Eh, dada," akasema. "Miye nilizani batoto banakusumbua."

Nikakana, nikakana tena. Akaniambia kwa upole nisijali, huko wamepata nyumba yenye ua na watoto wamekwisha kuzoea shule. Kisha akaomba radhi, chakula kilikuwa mezani na watu walikuwa wanamngoja.