Jasho la Mpakani

Kuchoka nilianza zamani, kabla ya joto. Nauza vitenge sokoni Bwera, karibu na mpaka wa Uganda na Kongo, na katika maisha yangu sikuwa na likizo ila zile siku chache za kila mwezi ambazo mwanamke Mwislamu haswali. Mume wangu aliamka peke yake alfajiri, mimi nikajifunika shuka hadi jua litoke, na wala sikuona haya kuzifurahia. Kisha zikaanza kuja zikipenda, mwishowe zikakoma kabisa. Hata ile likizo ndogo niliyopewa na Mungu ikaniisha, na badala yake nikaletewa moto.

Ulianzia kifuani, ukapanda shingoni, ukafika usoni, nikatota chini ya mtandio kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji. Ulikaa kidogo tu, kisha ukaniacha natetemeka kwa baridi, moyo ukidunda. Sisi huku kila joto la mwili ni malaria. Nikanunua dawa dukani, nikameza bila kupimwa. Joto likarudi, nikanunua nyingine. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori la kwenda na kurudi Kasese, alinihurumia. Akaniletea supu ya moto yenye pilipili, maana aliamini homa hufukuzwa kwa jasho. Nikanywa nisimvunje moyo. Lahaula, ilikuwa kama nimemeza sigiri na makaa yake!

Jirani yangu sokoni ni mama Mkongo anayeuza samaki wa chumvi. Huvuka asubuhi na kurudi kwake jioni. Mchana tulikuwa tukila sahani moja, yeye akitoa samaki, mimi nikitoa ugali wa muhogo au ndizi. Dada zangu wa tumbo moja wamekwisha kufa wote. Huyu ndiye aliyebaki kuniuliza kama nimekula.

Ndipo Ebola ikasikika tena upande wa pili wa mpaka. Ndoo za maji ya dawa zikawekwa kila mlango, watu wakaacha kupeana mikono, na tukaambiwa tuogope hata jasho la mwenzetu. Katika siku hizo hizo nilivuka kuchagua vitenge, na wakati wa kurudi, nikiwa kwenye foleni ya kupimwa joto, moto wangu ukaamka. Nilijipangusa, nikajipangusa tena. Mpimaji alinitazama usoni kabla hata ya kuinua kipimo chake.

"Mama, weye iko na jasho mingi. Kaa kando."

Nikakalishwa kwenye hema peke yangu, foleni nzima ikinitazama. Baadaye nilipimwa, nikapimwa tena, homa haikuwepo. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, akaniuliza nilikotoka, niliyemgusa, kisha akaniuliza habari za mwezi wangu. Nilimjibu nikiangalia viatu vyake.

"Hii si malaria, mama, na si Ebola," akasema. "Damu ya mwezi ikianza kuisha, kichwa inadanganyika. Inafikiri mwili imeshika joto sana, inafungua jasho yote. Wengine inakaa nayo miaka."

Miaka! Nilitaka kulia. Akanikataza kumeza dawa ya malaria bila kupimwa. Akaniambia nivae pamba nyepesi, nipunguze pilipili na chai ya moto, nitembee na maji ya baridi, na joto likija nivute pumzi polepole nisishindane nalo. Likinishinda, niende hospitali. Dawa zipo, ila daktari lazima aniulize kwanza magonjwa mengine niliyo nayo, maana si kila mwanamke zinamfaa.

Wakaniruhusu. Lakini habari ilikuwa imeshanitangulia. Kijana wa boda aliyenibeba kila siku akaniambia, "Hajati, leo pikipiki imekufa," na injini yake inanguruma. Nikatembea kwa miguu. Sokoni nilikuta meza ya samaki imehamishiwa upande wa pili wa njia.

"Dada, usikasirike," rafiki yangu alisema kwa mbali, kitambaa kimeziba mdomo. "Batu banasema weye balikukamata mupakani. Miye niko na batoto."

Ningemlaumu vipi? Hata mimi ningehama. Lakini mchana nilifungua ugali wangu, nikaufunga tena.

Nilifuata maneno ya muuguzi. Mtandio wa nailoni nikauweka sandukuni, chai nikaiacha ipoe, na chai iliyopoa ni adhabu jamani. Joto lilipungua makali, halikuondoka. Hilo ningelivumilia. Lililonimaliza ni sahani. Kila siku nilipika kiasi kile kile cha watu wawili, na kila jioni nikarudi na nusu nyumbani. Dawa yake niliijua, ilikuwa kusema tu. Lakini kwetu mambo ya hedhi huambiwa shangazi, chumbani, mlango umefungwa. Nitayasemaje katikati ya wabeba mizigo na wabadilisha pesa?

Siku moja soko limejaa, moto ukanishika nikiwa nakunja kitenge. Jasho likanitoka mpaka kwenye kidevu. Wateja wakarudi nyuma, na mbeba mizigo mmoja akapiga kelele, "Ita watu ya mupaka!"

Uchovu wangu wote ukageuka hasira. Nikasimama.

"Siyo Ebola! Nilipimwa! Damu yangu ya mwezi iliisha, ndiyo inaleta hii joto. Hata mama zenu iliwashika, hawakuwaambia tu. Munataka nisema nini ingine?"

Mbeba mizigo akainamisha kichwa, mbadilisha pesa mmoja akaanza kuitazama simu yake iliyozimika. Nikakaa nikitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa nimejivua nguo mbele ya soko zima, na hata sikujua kama imesaidia.

Rafiki yangu akavuka njia. Alikuwa ameshika kipande cha boksi la samaki, na kitambaa chake cha mdomo kilikuwa kimeshuka shingoni.

"Kwa nini haukuniambia?" akauliza. "Miye nililia juu yako."

Akasimama karibu yangu, akaanza kunipepea na lile boksi linalonuka, watu wote wakiona. Tone la jasho likatoka kidevuni kwangu likamwangukia mkononi. Nililiona, na yeye akaliona. Hakulifuta. Akaendelea kupepea, akaniuliza leo nimeleta muhogo au ndizi.