Chapati za Mawese

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ameshazikwa, na watu walimsifu sana siku ya mazishi. Nilikuwepo. Walisema alikuwa mkarimu, mwenye imani na mpishi hodari, nami nikanyamaza, maana msibani mtu hapingi. Lakini hapa si msibani. Hasira zangu juu yake nimezitunza vizuri miaka yote hii, na leo nazitoa nizianike.

Niliolewa Mpanda mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikitokea Karema, upande wa ziwa. Mume wangu alifanya kazi reli. Mama yao alifariki yeye akiwa mdogo, dada yake akamlea, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mume wangu lakini neno lilikuwa la dada. Nyumba zetu mbili zilitazamana, ua mmoja, jiko moja. Asili yao ni Inyonga, kwenye asali na tumbaku, na sisi watu wa ziwa walituona ni wa dagaa tu.

Krismasi yangu ya kwanza pale, wifi alinipa unga wa ngano akaniambia nikande chapati za wageni. Nilifurahi kweli. Siku zile chapati hazikuwa chakula cha kuamka nacho. Zilipikwa sikukuu, na anayekabidhiwa unga amekabidhiwa heshima ya nyumba. Akanielekeza: chumvi kidogo, maji ya uvuguvugu, halafu nitie mafuta. Akaondoka kwenda kanisani.

Sasa kwetu mafuta ni mawese, yale mekundu ya michikichi. Mtu wa ziwa akisema mafuta amesema mawese, na hayo mengine meupe ya dukani tuliyaita mafuta ya kopo. Pale jikoni kopo lilikuwepo, nililiona, nikadhani ni la kupaka watoto au la shughuli nyingine. Nilichukua chupa yangu niliyotoka nayo nyumbani, nikayapasha moto mawese kama mama alivyonifundisha, maana yakiwa yameganda hufanya vidonge kwenye unga. Nikakanda, nikasukuma, nikapaka, nikazungusha kila donge kama konokono, nikasukuma tena. Zilitoka laini, zinachanika tabaka kwa tabaka, na rangi yake nyekundu iliyoiva. Nilizifunika kwa kitambaa nikajiona mtu.

Wageni walikuwa katekista na wafanyakazi wenzake na mume wangu. Wifi alifunua kitambaa, akainyanyua chapati moja kwa vidole viwili, akaigeuza huku na huku ili kila mtu aione.

"Jamani," akasema, "leo tunakula chapati au tunakula kutu ya reli?"

Wanaume wakacheka. Mume wangu naye alicheka, kidogo, akiangalia chini. Wifi akabeba sinia zima akaenda kulimwaga uani, na kuku wakala Krismasi yangu mbele ya macho yangu. Kisha akakanda zake nyeupe, haraka haraka, ngumu, na watu wakatafuna mpaka mishipa ya shingo ikasimama wakisema asante mama.

Tangu siku hiyo nilikatazwa unga. Aliufungia kwenye sanduku chini ya kitanda chake, na ngano yote iliyoingia ua ule, awe ameinunua mume wangu au nani, iliishia mle. Siku ya chapati mimi kazi yangu ilikuwa kuchota maji, kupuliza moto na kuosha sinia. Nikisogelea donge, ananiambia nitoe mikono, mikono yangu ina rangi. Wanawake wa jirani walilipenda neno hilo. Bombani nikiweka ndoo, mmoja atauliza kama maji yatageuka mekundu, na wenzake wataegemeana kwa kicheko. Nikimlalamikia mume wangu, jibu lake lilikuwa kwamba dada ndivyo alivyo, nimzoee.

Sikumzoea. Nilichoka, hilo ndilo watu walilodhani ni kuzoea.

Kilichonikata maini hasa kilitoka kwa binti yangu wa kwanza. Alikuwa ameanza kusema vizuri, nampa uji, akaniuliza kwa upole, bila ubaya wowote, kwa nini shangazi anajua chapati na mimi sijui. Nilimwambia anywe uji. Lakini ndani nilijua kwamba huyu mwanamke sasa ananichukulia hata mtoto, na kama simwangushi, nitazeeka katika nyumba yangu mwenyewe kama kibarua.

Ukafika mwaka wa vita. Madukani mlikuwa na rafu na mwenye duka, basi. Mafuta ya kopo yakawa hadithi. Mimi sikupungukiwa, kwa sababu mama yangu alikuwa akinitumia galoni la mawese kwenye malori ya dagaa, nami nililiweka chumbani nyuma ya mlango.

Katikati ya shida hiyo, binti mkubwa wa wifi akapata mchumba. Tuliambiwa ni kijana wa Tabora, ana kazi, na wazazi na ndugu zake wanakuja kwa treni kuleta posa. Wifi akatangaza mtaa mzima kwamba wakwe zake watakula chapati, si ugali. Unga alikuwa nao, ngano ya Ufipa. Mafuta hakuwa nayo. Alizunguka mji mzima akarudi mikono mitupu, na siku yenyewe, wageni wakiwa wameshashuka stesheni, akaja mlangoni kwangu. Aliomba mawese kidogo tu, ya kupaka kikaangoni, akasema kwa kiasi hicho rangi haitaonekana.

Nilimjazia chupa nzima. Nikamwambia asiogope kutumia, sisi ni ndugu. Nikayapasha kabisa ili yasimsumbue, na moyoni nikimwombea kwa Mungu aumbuke mbele ya wakwe kama nilivyoumbuka mimi, na binti yake aone.

Mkono wake haukuwahi kujua kupima mafuta. Zilitoka nyekundu kuliko zangu. Nilijitolea kuandaa, nikalibeba sinia mwenyewe, nikaliweka mbele ya mama wa kijana, nikakaa karibu na mlango nisikose hata kidogo. Wifi alikuwa anatoka jasho. Mama yule, mtu mzima mwenye mwili wake, akamega kipande, akatafuna, akaacha kutafuna, akamtazama wifi.

"Mkwe wangu, hizi umejifunzia wapi? Mimi nimezaliwa Ikola, ziwani. Tangu niolewe Tabora sijala chapati ya kwetu mpaka leo."

Ikola na Karema ni ziwa moja. Nikamtazama wifi, nikisubiri anitaje, hata kwa kidole tu.

"Ndivyo tunavyopika hapa siku zote," wifi akasema.

Siku zote! Nilishika mlango. Miaka yote ya kutu na mikono yenye rangi, halafu ananivua chapati zangu mwilini na kuzivaa mbele yangu, na mimi ndiye niliyemjazia mawese kwa galoni langu. Siku ile ningeweza kumuua, nasema kweli tupu.

Lakini yule mama alikuwa hajamaliza. Akasema amefurahi mno, basi binti atakuwa anajua pia. Wifi akasema anajua sana. Vizuri, akasema mama, siku atakapofika kwao Tabora, kabla hajakaa, atawapikia ukoo wote chapati hizi kwa mikono yake, yeye mama moyoni ameshawaahidi wenzake. Na ndugu wote wa kijana wakaitikia.

Binti wa wifi alikuwa hajawahi kushika mawese. Alikuwa akiziba pua akipita chumbani kwangu. Nilimwona amegeuka rangi, na mama yake pia, nikatoka nje taratibu nikaenda nyuma ya jiko, nikacheka mpaka nikakaa chini.

Wifi alikaa na jambo hilo karibu wiki nzima. Alijaribu peke yake, kwa mawese yaliyobaki kwenye chupa, yameganda. Niliona donge likitupwa jalalani, limejaa vidonge. Mwishowe akaja, akasimama uani, hakuingia.

"Wifi, mtoto anaenda ukweni na hajui. Mfundishe."

"Mlete," nikamwambia. "Ila na wewe uje, maana mnapika siku zote."

Walikuja mchana, mama na binti. Nilikuwa nimewaambia wanawake wa bombani wapite, kuna jambo la kuona, wakapita wote wakakaa barazani na vikapu vyao. Nilimpa wifi kigoda kifupi cha watoto. Nikamtilia mawese ya moto kwenye unga kwa mkono wangu, nikamwambia binti atazame mama anavyofanya, kisha nikamwambia wifi akande.

Alikanda. Viganja vyake vilikuwa vyekundu mpaka kwenye vifundo, na jasho likamdondokea kwenye sinia. Akanyanyua uso akaniuliza kama bado. Niliubonyeza unga kwa kidole. Ulikuwa umelainika zamani, laini kama sikio la mtoto.

"Bado mgumu," nikamwambia. "Kanda."