Wale Kumi wa Kwanza

Dada yangu mdogo alikufa kwa malaria akiwa na miaka sita, mwaka ule ambao malaria ilipanda hadi kwetu milimani na kutukuta hatuijui. Mwaka uliofuata mama alijifungua msichana. Akina mama wa kanisa walikuja na maziwa na sukari, wakaketi, na mmoja wao akasema, "Mungu amerudisha, mama. Kama alivyomrudishia yule mtu wa Maandiko aliyenyang'anywa kila kitu."

Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi. Hapo hapo wakakubaliana mtoto apewe jina la marehemu, wakamfunika blanketi la dada yangu.

Mimi nilikuwa darasa la nane, darasa langu la mwisho. Nilikuwa nimelala kitanda kimoja na dada yangu tangu aachishwe ziwa. Sasa kila nilipotaja jina lake, watu walimtazama mtoto. "Ameamka?" waliniuliza. Nikaacha kumtaja.

Ndipo nilipoanza kusoma habari za yule mtu. Nilisoma kama nilivyosoma hesabu, kidole juu ya mstari. Mwanzoni alikuwa na kondoo elfu saba, mwishoni elfu kumi na nne. Ngamia, ng'ombe, punda, vyote mara mbili. Nikatafuta watoto. Mwanzoni kumi, nyumba ikawaangukia. Mwishoni kumi. Nilidhani nimeruka ukurasa. Nikarudia mara tatu. Kisha nikaona kwamba wasichana wa mwisho wametajwa majina na kusifiwa uzuri wao. Wale wa kwanza hawakutajwa jina hata mmoja.

Darasa la ubatizo lilikuwa Jumamosi alasiri, katika kanisa letu la mabati karibu na Mogogosiek. Zilibaki wiki mbili tuingie mtoni, na mama alikuwa ameshanishonea gauni jeupe. Pasta alikuwa na desturi ya kuuliza mwishoni kama kuna mwenye swali. Sisi kila mara tulisema hakuna, tukasimama kuomba. Siku hiyo nikainua mkono.

"Pasta, wale kumi wa kwanza walirudi?"

"Kumi gani?"

Nikamweleza. Kijana mmoja nyuma akasema, "Haya, tumepata askofu!" Wakacheka wote.

"Alipewa wengine kumi," pasta akasema. "Tena wazuri zaidi."

"Ndiyo, Pasta. Lakini hao si wale."

Alinitazama. "Wewe lakwet, mtoto wewe, unasoma na moyo ama na kichwa?"

Sikujua. Nikasema, "Na macho."

Wakacheka tena, lakini sikuwa natania.

Nilizunguka kwa mto kuchota maji, na nilipofika nyumbani pasta alikuwa ameshapita, akanywa chai, akaenda. Ubatizo wangu ulikuwa umesongezwa hadi mwaka ujao.

"Watu wazima wamesoma kitabu hicho miaka yote hawakuona kitu," baba akafoka. "Umeona wewe?"

Mama alikuwa kwenye kigoda anamnyonyesha mtoto. "Mwache aseme," akasema. "Uliuliza nini?"

Ningeweza kudanganya. Mama hakujua kusoma, na furaha yake yote ilikuwa imeshikilia habari ile. Nikasema, "Niliuliza kama watoto wake wa kwanza walirudi."

"Na walirudi?"

"Hapana, mama. Nimetafuta."

Akamtoa mtoto ziwani, akanipa, akatoka. Kupitia mlangoni nilimwona ameingia kwenye shamba letu la chai. Haikuwa siku ya kuuza, na hakuwa na kikapu. Alichuna kwa mikono miwili, akayaacha majani yaanguke chini. Mtoto alilia mikononi mwangu, naye hakuwa na kosa lolote.

Toka jioni ile mama alimwita mtoto kwa jina la kwetu tu, la aliyezaliwa mvua ikinyesha. Mmoja wa akina mama wa kanisa alipokuja na kumsalimia kwa lile jingine, mama akamwambia, "Huyo tulimzika." Baada ya hapo walipunguza kuja, kisha wakaacha. Mama hakucheka tena kwa muda mrefu, na mimi ndiye niliyemnyang'anya kicheko. Mwaka uliofuata hakuna aliyeniita mtoni, nami sikuomba. Hadi leo sijabatizwa.

Tulichuna pamoja miaka mingine mingi, bila maneno mengi. Asubuhi moja ya baridi, mtoto akiwa nyumbani na baba, mama alilitaja lile jina la dada yangu, katikati ya kazi.

"Alikuwa anaogopa ng'ombe," akasema.

"Hata ndama," nikasema.

"Hata ndama."

Nilingoja aseme lingine. Tukaendelea kuchuna, kila mtu na mstari wake.