Unyoya wa Mjomba

Mjomba wangu ni fundi wa dari, ila mtaani hakuna anayemwita hivyo. Anaitwa Fundi Unyoya, kwa sababu ya unyoya mweupe wa kuku anaotembea nao kwenye mfuko wa shati, umefungwa uzi mweusi. Ukimkaribisha kwako, kabla hajakaa atautoa, ataushika kwa uzi mbele ya dirisha, halafu chini ya mlango, halafu kwenye kona za dari, jicho moja kalifumba. Unyoya ukitikisika, naye anatikisa kichwa. "Hapa baridi inaingia bila hodi," atakwambia. Amewahi kuutoa hata msibani, watu wanalia, mpaka mama yangu akamkanyaga mguu.

Mji wetu uko juu milimani, na kuna miezi mitatu ambayo baridi yake haina adabu. Nyumba zetu nazo zilijengwa kwa haraka: kuta nyembamba, mabati juu, mbao za dari zilizoachana. Mjomba amekula kwa jasho la kuziba nyufa hizo miaka thelathini. Hakufundishwa na mtu. Alianza na chumba chake mwenyewe alipooa, kwa kuwa mkewe alimwambia wazi kwamba hakuolewa ili alale na soksi. Tangu hapo anakusanya magodoro yaliyochakaa, anaichambua pamba, anaianika juani, anaijaza kwenye viroba na kuvipanga juu ya dari. Ni mbishi, ni mjuaji, na sikuwahi kumsikia akikiri kwamba amekosea. Nampenda hivyo hivyo.

Mwaka jana kifua cha Mama kilianza kupiga filimbi. Daktari alimsikiliza mbele na nyuma, akasema chumba anacholala kina baridi mno kwa mtu wa umri wake, na kwamba atampima tena baada ya mwezi. Kaka yangu mkubwa, anayeishi bondeni kwenye joto, hakungoja huo mwezi uishe. Alituma sanduku, na ndani yake mkewe alikuwa amepanga magauni manne mepesi ya mikono mifupi, ya kuvaa huko. Alisema kama daktari akikuta kifua hakijatulia, angekuja mwenyewe na gari kumchukua Mama moja kwa moja.

Mama hakutaka kuhama. Nyumba ile waliijenga yeye na marehemu baba, baba akipanga matofali kwa kuwa alikuwa mwashi, Mama akimchotea maji na kumkosoa. "Kule nitakuwa mgeni mpaka nife," aliniambia, huku akilisukuma sanduku chini ya kitanda kwa mguu. Kisha akamwita mdogo wake.

Mjomba alifanya kazi siku sita. Alipanga viroba vya pamba darini mpaka akaimaliza pamba yote aliyokuwa nayo. Alitandika maboksi chini ya zulia, akajaza nyufa za madirisha, akashona pazia zito la tabaka mbili. Siku ya mwisho akapanda ngazi hadi kwenye matundu mawili ambayo baba aliyaacha juu ya dirisha.

"Shemeji alikuwa fundi kweli, Mungu amrehemu," alisema. "Ila hapa alichoka au alisahau?"

"Alisema nyumba lazima ipumue," Mama akajibu.

"Nyumba ina mapafu, dada?"

Akayakandika matundu yote mawili, akapiga plasta juu. Kisha akaninginiza unyoya katikati ya chumba, akaniita nije nishuhudie. Haukutikisika hata kidogo. Alinawa mikono akiimba, na jioni hiyo Mama aliketi bila shuka mabegani kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze.

Mimi ni mwalimu, naishi mitaa miwili kutoka kwa Mama, na kila asubuhi nampitia kabla ya kwenda shule. Siku ya tatu baada ya kazi ile nilibisha hodi kwa muda mrefu. Alipofungua alikuwa amejishika ukutani, kichwa kinampasuka, ametapika. Vioo vya dirisha vilikuwa vinatiririka maji. Katikati ya chumba lilikuwepo jiko la mkaa la tangu jana yake, majivu bado yana uvuguvugu.

Nilimtoa nje nikamkalisha kwenye ngazi, nikafungua kila kinachofunguka. Zahanati walimpa hewa safi ya mtungi mpaka rangi ikamrudia. "Mkaa ndani ya chumba kilichozibwa?" daktari alisema. "Bahati yake mkaa uliisha mapema."

Nataka nieleweke hapa. Sote tunaingiza jiko ndani. Tumefanya hivyo tangu utotoni, na Mjomba mwenyewe anafanya, na hakuna aliyedhurika kwa kuwa nyumba zetu zimejaa nyufa. Ubovu huo ndio uliokuwa unatuokoa, na hakuna aliyewahi kuushukuru.

Mjomba alikuja mchana, nimeshamrudisha Mama kitandani kwake. Hakusalimia. Alisimama katikati ya chumba, madirisha nimeshayafunga tena, akautoa unyoya na kuushika kwa uzi. Uliganda vilevile kama siku ile alipoimba. Aliutazama kwa muda, akaurudisha mfukoni, akaenda kukaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Dada, nimekosea."

"Rudia," Mama akasema kwa sauti dhaifu. "Kichwa bado kinavuma, sijasikia vizuri."

"Nimekosea. Na shemeji alikuwa sahihi. Usinimalize, tafadhali."

Mama alimshika mkono, na mimi nikatoka nje kwa sababu machozi yalikuwa yamefika. Kaka alikuwa ameshapiga simu. Zilibaki siku tisa Mama apimwe, na Jumamosi baada ya kipimo hicho gari lingefika.

Mjomba aliyafungua matundu ya baba kwa tindo na nyundo ndogo, polepole, kisha akayasafisha kwa brashi mpaka ndani. Akajenga jiko la matofali kwenye ukuta wa kati, lenye bomba la bati la kupeleka moshi nje, na pale bomba linapopita akaondoa pamba yote kwa upana wa shubiri mbili. Vipande vichache vya kuni jioni vinatosha. Moto ukizimika, matofali yanabaki na joto mpaka asubuhi. Jiko la mkaa alilibeba mwenyewe hadi barazani. "Huyu haingii tena ndani, hata akilia," alisema. Mwisho akaufunga unyoya wake chini ya matundu, pale Mama anapouona akiwa kitandani.

"Ukiuona umetulia, usiwashe moto," alimwambia. "Niite."

Daktari alipompima alisikiliza mbele na nyuma, akarudia tena nyuma. "Kimetulia," alisema. "Hapo mnapomlaza msibadilishe kitu."

Nilimpigia kaka, hakuamini. Jumamosi akafika na gari, anatetemeka, mikono kwapani. Aliingia chumbani akianza hotuba aliyoiandaa njiani: hewa ya bondeni, hospitali kubwa, wajukuu. Mama alimwacha aseme. Katikati ya hotuba kaka akavua koti, akalitundika kwenye kiti, akaendelea na wajukuu.

"Umevua koti, mwanangu," Mama akasema.

Kaka akalitazama koti lake. Kisha akatazama jiko, na unyoya ukicheza taratibu chini ya matundu ya baba yetu, akavuta kiti, akakaa.

Mjomba alikuwa amepiga magoti mlangoni na mfuko mrefu mwembamba aliokwisha kuushona, wa kuziba upepo unaopita chini ya mlango. Ulikuwa mtupu, pamba yote ilikuwa darini. Mama akalivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akalifungua, akamrushia magauni moja moja, na Mjomba akayashindilia mfukoni bila kuuliza. Yalienea mlango mzima.

"Mwambie mkeo nashukuru sana," Mama akamwambia kaka. "Magauni yamenifaa."