Siku Niliyomutambulisha Papa Robert

Hata leo nikipita mbele ya ile sale ya karamu ya cité, mutaa wetu, naangalia chini, na munaweza kunicheka, lakini mimi mwenyewe mpaka sasa nashangaa kama kile kinywa kilikuwa changu.

Balinipa mikro ya kuita wageni wakubwa kwenye ndoa ya rafiki yangu, sababu nilisoma kozi ya jioni (kidogo tu, musinisifu). Nami nilikuwa na shida yangu: Ngalula, binti niliyeota kumuoa, alikuja na wazazi wake, na baba yake, Papa Robert, hakunijua bado, nami nilimujua kwa jina hilo tu, si kwa sura. Nikasema moyoni, leo atanisikia.

Sasa, ilikuwa wakati serikali ilikataza majina ya kizungu, na karatasi ilikuwa na majina ya mababu tu, kila muntu Citoyen, ni kusema mwananchi. Naita, "Citoyen Kabwe!", bantu banaangaliana, Kabwe ni nani? Ndipo nikakumbuka mwalimu wetu wa ile kozi: taja muntu, weka virgule, ile alama ya kupumua, sema ni nani, weka virgule ingine, endelea. Nikajitilia maneno yangu pale pale. "Citoyen Kabwe, fundi wa baiskeli, asimame!" Makofi! "Citoyenne Kyungu, mama wa kinywaji cha munkoyo mutamu, asimame!" Vigelegele! Kichwa kikavimba.

"Citoyen Kazadi!" Muzee mumoja akainuka nyuma, nikafurahi, namujua huyu, kila yenga, kila juma, namukuta kule mutaa wa Naviundu, amekaa barazani kwa Mama Zaina na singlet anakula bukari, ugali wetu.

"Citoyen Kazadi, bwana ya Mama Zaina wa Naviundu, asimame!"

Hakuna aliyepiga makofi. Mama aliyekuwa kando yake akasimama polepole.

"Zaina gani?"

(Nami nikadhani hakusikia vizuri.) "Ule anauzisha samaki, mama. Mwenye kuzaa naye batoto babili."

"Batoto?"

"We kijana, funga kinywa!" muzee akapiga kelele.

Na sauti ingine, ndogo, kwenye meza ile ile: "Papa?"

Ilikuwa Ngalula. Mikro ikaniponyoka, ikalia sale nzima.

Alinikuta nje, machozi yakimutoka. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu kipwa, mvua ilipokatika," nikasema, "lakini sikujua kama ni baba yako, ninaapa!"

"Basi Naviundu nzima banajua, ni mama tu hakujua." Akarudi ndani kumushika mama yake mukono, na kwetu hakukanyaga tena.

Bakiniita leo kusema kwenye ndoa, nakataa. Nabeba makasié, masanduku ya bia, nayaweka chini, naenda kukaa.