Bonge la Chumvi na Nyumba ya Rehani

Njaa ya kwetu haikuwa njaa ya maskini. Maskini hana, basi, yamekwisha. Sisi tulikuwa nacho, tukakaa tunakitazama. Nyumba yetu ya Rumonge ilizungukwa na michikichi mpaka mlangoni, matunda yake, tunayoyaita ngazi, mekundu yameiva yanang'aa, na mimi mtoto wa kike nalala chini ya mali yote ile tumbo linaunguruma. Ukiniona leo nakasirika mtu akibakiza chakula kwenye sahani, usinilaumu. Mlaumu babu yangu.

Mungu amrehemu, ingawa mimi nikimwombea huwa namwombea kwa kifupi. Nchi ilikuwa ya Wadachi wakati huo. Ikavuma habari kwamba bwana mkubwa wa Kidachi anatoka Usumbura kwa mashua, na atashuka Rumonge kuwasalimia watu. Babu akaamua mgeni huyo hatakaa kwingine ila kwake. Akaenda kwa tajiri mmoja wa mjini, muuza mawese na chumvi, akaweka rehani nyumba na michikichi yote. Kwa rupia zile akanunua joho, mbuzi, mchele, na kiti. Kiti chenyewe cha mbao, kina mgongo na mikono, kililetwa kutoka Ujiji kimefungwa nguo kama mtoto mchanga. Siku ikafika. Mbuzi wakachinjwa, babu akasimama ufukweni na joho lake. Bwana mkubwa akapita kulee, katikati ya ziwa, hata kichwa hakugeuza. Babu akampungia mkono mpaka mashua ikapotea.

Mwaka haukuisha, babu akafa. Watu walisema homa. Bibi, mkewe, alisema aibu.

Kwetu maiti hatolewi nyumbani mpaka swali liulizwe. Mkubwa wa familia anasimama mbele ya watu anasema: marehemu alikuwa binadamu, mwenye kumdai aseme sasa. Anayesema, deni lake linabebwa na mtu papo hapo. Anayenyamaza amesamehe, hana mdomo tena. Siku ile tajiri akasimama, akakohoa, akasema, "Mimi namdai. Nyumba hii na michikichi yake ni rehani yangu." Watu wakatazama chini. Ndipo sauti ya bibi ikatoka ndani, nyuma ya pazia, ambako wanawake hukaa wakilia kwa adabu.

"Deni ni langu! Mutoeni mume wangu, aende. Lakini munisikie wote: mimi sitatolewa kwa mulango wa mutu. Siku yangu ikifika, nitatoka kwa mulango wangu."

Tangu dakika ile hatukushiba tena.

Masharti ya rehani yalikuwa hivi: mpaka deni lilipwe, ngazi zote ni za tajiri. Hata ile inayodondoka yenyewe juu ya paa letu na kutuamsha. Watu wake walikuja kukata mikungu, wakatusalimia vizuri, wakaondoka nayo. Sisi mawese ya kupikia tulinunua dukani kwake, mawese ya michikichi yetu wenyewe, naye anatupimia kidole chake kimezama ndani ya kibaba ili yaingie machache. Na rehani yenyewe ilikuwa ya muda mrefu. Tajiri hakuwa na haraka, kwa nini awe nayo? Mwenye haraka alikuwa bibi. "Tutalipa mbele ya wakati," alisema. "Mimi na hiyo miaka yao, nani atamungoja mwenzake?"

Basi akashika serikali ya jikoni, na Wadachi wote na bunduki zao hawakuwahi kutawala namna ile. Tulikuwa na bonge moja la chumvi ya Uvinza, amelifunga kwa kamba. Mboga ikichemka, mama analichovya chunguni, bibi anasoma Kulhuwallah mara moja, akifika mwisho anasema "Toa!" na bonge linatoka, linaning'inizwa juu ya moshi mpaka kesho. Siku akiwa na furaha aliisoma polepole, kwa mahadhi, tukaonja chumvi. Siku akiwa na hasira aliisoma mbio, tukanywa maji ya majani. Sisi watoto tulijifunza mapema kutomuudhi bibi kabla ya chakula.

Baba alikuwa mvuvi wa ndagala. Ndagala wote waliuzwa. Sisi tulipewa vumbi lililobaki chini ya kikapu. Mama na shangazi walikuwa na leso moja ya kutokea, akitoka huyu yule anakaa ndani, mpaka mji mzima ukaamini kwamba mawifi wale wamegombana. Wazee wawili walikuja kuwapatanisha. Shangazi ikabidi ajifiche nyuma ya mlango na kupatanishwa kutokea huko.

Na kiti? Kiti cha babu hakikukaliwa na mtu. Kilisimama pembeni kimefunikwa mkeka. Bibi alisema kukikalia ni kukichakaza, kwamba siku moja atatokea wa kukinunua. Hakutokea. Pwani nzima ya ziwa ilijua habari za kiti kile, na hakuna mtu anayenunua nuksi kwa rupia zake.

Shida kubwa ilikuwa wageni. Huwezi kuwa unakula, mtu akapita, usimwambie karibu. Na ukimwambia, wengine wana tabia ya kukaribia. Bibi akafikiri, akafikiri, kisha akatangaza kwamba nyumba yetu itafunga saumu Jumatatu na Alhamisi, sunna ya Mtume. Mtu aliyefunga hana cha kumkaribishia mtu. Baada ya mwezi akaongeza siku tatu za mbalamwezi. Mimi nikauliza, hivi ni ibada au ni ubahili? Nikapigwa kibao cha ibada.

Lakini tazama mambo ya dunia. Kumfuturisha aliyefunga kuna thawabu kubwa, na Rumonge watu walizipenda thawabu, hasa zilizo karibu na nyumbani. Jirani wa kwanza akaleta uji. Jirani wa pili akaona wivu, akaleta mihogo na samaki. Haukupita muda sahani zikawa zinapishana mlangoni, tukawa tunashiba siku za saumu na kufa njaa siku za kula. Sisi watoto tukaanza kuiulizia Alhamisi kwa hamu. Sifa zikaenda mpaka Kigwena: kuna nyumba ya mawalii, hata watoto wao wanafunga. Wakaja watu wenye homa, wenye wake wasiozaa, wenye mbuzi waliopotea, wanataka dua. Bibi aliwaombea wote kwa haraka, akawasindikiza kabla hawajaomba maji ya kunywa.

Mwisho tajiri mwenyewe akaleta futari. Alikuja na mtumishi amebeba bakuli la kuku, mafuta yanaelea juu mekundu. "Mama," alimwambia bibi kwa unyenyekevu, "niombeeni na mimi." Bibi akapokea. Alipoondoka tukala, na bibi akalamba vidole kimoja kimoja. "Ndiyo kwanza naonja michikichi yangu," akasema. "Na thawabu amepata yeye. Ajabu ya Mungu!"

Chungu cha rupia, kilichofukiwa chini ya mafiga, kikajaa. Kikajaa kweli, mbele ya wakati, kama alivyoapa. Baba akalia. Bibi hakulia, alimwambia afunge kilemba aende akalipe, upesi, kabla watu wa kukata mikungu hawajaja, kwa sababu ngazi zilikuwa zimekaribia kukomaa.

Hapo ndipo ulipoanza wazimu. Tajiri hakutaka kulipwa! Akipokea fedha leo, mavuno ya kesho hayamhusu. Na rehani haifunguki mpaka mwenyewe azipokee mkononi, mbele ya watu, aseme: nimepokea, nimeachilia. Basi mtu mzima yule, na tumbo lake, akaanza kukimbia. Baba akienda dukani, tajiri ametoka sasa hivi kwenda Kigwena. Baba akifika Kigwena na rupia zake ndani ya kikapu, juu kafunika ndagala, anaambiwa tajiri ameelekea Kabonga. Kabonga wanasema ameonekana Gitaza, na Gitaza ni kule kaskazini kabisa, kupita Rumonge tena! Mara moja alimwona kwa macho yake anaruka ua wa nyuma, kanzu kaishika kwa meno. "Bwana, ngoja nikulipe!" baba akapiga kelele. Njia nzima watu wakasimama. Wadaiwa wanaokimbia walikuwa wamewaona. Mdai anayekimbia alikuwa mgeni kwao.

Ijumaa moja baba akambana msikitini, akakaa mlangoni amngoje. Tajiri alipotoa salamu akamwona. Akasimama tena, akasali sunna. Akamaliza, akachungulia, akasali nyingine. Alisali kuanzia adhuhuri mpaka alasiri, watu wakasema, masikini, tajiri wetu ametubu. Baada ya alasiri akaanza upya, baba akasinzia, na alipofumbua macho viatu vya tajiri havikuwepo. Akaenda kumshitaki kwa wakubwa. Askari wa Wadachi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mdaiwa akimkimbia mdai, nina kiboko. Mdai akimkimbia mdaiwa, nifanyeje? Nenda nyumbani, bwana, una bahati."

Bahati gani? Bibi alikuwa hainuki tena kitandani. Miguu ilikuwa imemvimba, na mwili uliobaki umekwisha. Mama alimpikia uji wa maziwa, akauliza maziwa yamenunuliwa kiasi gani, akafunga mdomo. Niliogopa sana. Nilimchukia kwa njaa yangu yote na nikaogopa asije akatoka kwa mlango wa mtu.

Baba aliporudi kutoka Gitaza mara ya mwisho, vumbi limempanda mpaka magotini, akaketi kando ya kitanda. "Mama, nimeshindwa."

Bibi akacheka, kicheko kidogo. "Munamukimbiza wa nini, mwanangu? Utachoka bure. Mutu anaweza kukimbia rupia. Mazishi hayakimbii. Acha, mimi nitamuita mwenyewe."

Akamwita Jumatatu asubuhi. Alikuwa amefunga.

Habari zilifika mjini kabla mama hajamaliza kilio chake cha kwanza. Watu walijaa uani mpaka chini ya michikichi, na ngazi juu yao zimeiva tayari. Bibi alioshwa, akakafiniwa, akawekwa kwenye jeneza ndani, miguu kuelekea mlango. Baba akasimama kizingitini, akatandaza mikono, mtu asipite. Na kule nyuma ya watu wote, amejibanza kwenye ua, alikuwepo tajiri. Angekosaje? Akikosa, amesamehe.

"Mama yangu alikuwa binadamu," baba akasema. "Mwenye kumdai aseme sasa."

Vichwa vyote vikageuka kwa tajiri. Akinyamaza, kila kitu kimekwenda. Akisema, atalipwa. Jasho lilimtiririka mpaka ndevuni. Mwisho akasema, kama mtu anayeumwa jino, "Namdai."

"Karibu, bwana," baba akamwambia, na chungu kikaletwa.

Tajiri akajaribu la mwisho. Akasema fedha nyingi hazihesabiwi kwa kusimama, afadhali wazike kwanza, mengine yatazungumzwa. "Kiti kipo," baba akajibu. Mkeka ukafunuliwa, kiti cha babu kikatolewa uani. Tajiri akaketi, mtu wa kwanza kukikalia tangu kilipotoka Ujiji. Akamwaga rupia mapajani, akaanza kuziuma moja moja. Alikuwa amefika katikati hivi, mara kwaa! Mchwa walikuwa wamekula miguu yote ya kiti kile chini ya mkeka, imebaki rangi tu. Tajiri chali, rupia zinabingirika kati ya miguu ya waombolezaji. Imamu akauma mkono wa kanzu yake. Ndani shangazi, aliyekuwa analia tangu alfajiri, akapasuka kucheka, akalia tena, akacheka. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na bibi yupo pale miguuni pangu.

Rupia zikaokotwa, hesabu ikaanza upya, safari hii tajiri kakaa chini mavumbini. Jua likapanda. Wabebaji wakahama kivuli hadi kivuli. Hakuna aliyesema tuzike twende, hata imamu.

"Nimepokea," tajiri akanung'unika mwishoni. "Nimeachilia."

"Kwa sauti, bwana," baba akasema. "Mama yuko mbali kidogo."

"Nimepokea! Nimeachilia!"

Baba akatoka kizingitini. Mama na shangazi wakasimama kando ya mlango kumuaga, wote wawili wamejifunika leso ile moja. Wabebaji wakainua, na mmoja wao, kijana mwenye nguvu, akashangaa akauliza, "Jamani, kuna mtu humu?" Baba akamwambia, "Yumo. Ni mwenye nyumba."

Siku za matanga majirani walitupikia. Zilipokwisha, baba akakata mkungu wa kwanza, mama akakamua mawese, tena mengi, akabandika mboga. Akachukua bonge la chumvi kwa kamba yake, akalichovya chunguni kama kila siku, akangoja. Sote tulikaa tukangoja Kulhuwallah. Mboga inachemka, mama ameshika kamba, anatazama kitanda cha bibi, na hakuna anayesoma. Alipovuta kamba ilikuja peke yake.

Mboga ile ilikuwa chumvi tupu, haiwekeki mdomoni. Tuliila yote, baba akiwa wa kwanza, machozi na kamasi vinatutoka, na chungu tukakifuta kwa ugali.